Msanii Anapotazama Nyuma: Charles Burnett na Filamu Zake za Uanafunzi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Charles Burnett, mwongozaji huru wa filamu nchini Marekani, alivyozieleza kwa miaka mingi filamu alizozitengeneza akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles: Several Friends (1969), The Horse (1973) na Killer of Sheep (1977). Inajadiliwa kwamba maelezo hayo ni ya kweli kuhusu mazingira ya kazi, lakini hayatoshi kuhusu usanii wake, hasa usanii wa mazungumzo. Aidha, inaoneshwa kwamba muda uliopita kati ya kutengenezwa kwa Killer of Sheep na kusambazwa kwake mwaka 2007 uliibadili matini yenyewe, jambo ambalo mhakiki anayetegemea kumbukumbu ya msanii peke yake anaweza kulipita bila kuliona.

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumwita mwandishi shahidi. Kazi ikitatiza, mhakiki humwendea mtunzi akamuuliza alikusudia nini, kisha hurudi na jibu kama mtu atokaye kisimani na ndoo iliyojaa. Desturi hiyo ina manufaa yake, na pasipo mahojiano ya aina hiyo mengi kuhusu maisha ya watunzi yangekwisha kupotea. Hulegea, hata hivyo, pale mtunzi anapoulizwa kuhusu kazi aliyoitunga miaka thelathini au arobaini iliyopita, alipokuwa angali mwanafunzi. Anayejibu ana jina, ana tuzo, na ana hadhira inayojua yote yaliyofuata. Kijana aliyeitunga kazi hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Suala hili si geni katika Kiswahili. Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein na Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ni kazi za watunzi waliokuwa bado chuoni, na zote mbili zimewahi kusomwa kama kidato cha kwanza cha safari ndefu, si kama kazi zilizokamilika.

Onyo la Wimsatt na Beardsley (1946) dhidi ya kuifanya nia ya mtunzi kuwa kipimo cha kazi linafahamika vya kutosha, na pengine limerudiwa kupita kiasi. Chombo kinachofaa zaidi hapa ni cha Genette (1987), ambaye huyaweka mahojiano na barua za mtunzi katika kundi la matini zinazoizunguka kazi kwa mbali, na hutenganisha maneno yanayotolewa kazi inapozaliwa na yale yanayotolewa baada ya muda mrefu. Hayo ya baadaye yana hadhi yake ya pekee: ni masimulizi, yana mhusika mkuu, na yana mwisho unaojulikana tangu mwanzo.

Burnett anafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Filamu zake za uanafunzi zimehifadhiwa, hivyo kauli inaweza kuwekwa kando ya kazi na vikalinganishwa. Sababu ya pili ni uaminifu wake. Kauli ya msanii anayejikweza hujihakiki yenyewe. Kauli ya msanii mnyenyekevu, ambayo karibu kila sehemu yake ni ya kweli, huhitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Chuo, mtaa na kauli ya msanii

Burnett alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1944, na akakulia Watts, mtaa wa Los Angeles uliojaa familia za Wamarekani Weusi waliohama kutoka majimbo ya Kusini. Alisomea kwanza mambo ya umeme na elektroniki kabla ya kujiunga na idara ya filamu, wakati kumbukumbu ya machafuko ya Watts ya Agosti 1965 ilikuwa bado mbichi. Idarani alimkuta Basil Wright, mtengenezaji wa filamu za hali halisi kutoka Uingereza, na Elyseo Taylor, aliyeanzisha mpango wa kuwafundisha filamu wanafunzi kutoka jamii zilizokuwa zikitengwa. Miongoni mwa wanafunzi wa miaka hiyo alikuwamo Haile Gerima wa Ethiopia. Kundi hilo lilikuja kuitwa “Uasi wa Los Angeles”. Jina lenyewe lilibuniwa na mhakiki Clyde Taylor mwaka 1986, wakati wengi wao walikuwa wamekwisha kuondoka chuoni. Tangu hapo, basi, kundi zima limekuwa likisimuliwa kwa kutazama nyuma, na mradi mkubwa wa hifadhi ya filamu ya chuo hicho, ulioonesha kazi zao mwaka 2011 na kurekodi masimulizi yao ya mdomo, uliipa desturi hiyo makao rasmi.

Katika mahojiano yaliyotapakaa kwa zaidi ya miongo mitatu, Burnett amekuwa akirudia mambo matatu kwa maneno yanayokaribiana. Anasema kwamba Killer of Sheep ilikuwa kazi ya kuhitimu shahada ya uzamili, haikukusudiwa kuoneshwa kwenye majumba ya sinema, na ndiyo maana hakujishughulisha na haki za muziki. Anasema pia kwamba filamu za wanafunzi wenzake kuhusu wafanyakazi zilikuwa na mpango mmoja uliozoeleka, mfanyakazi ananyonywa, anazinduka, anajiunga na wenzake, tatizo linatatuliwa, na kwamba watu aliowajua Watts hawakuishi hivyo. Tena anasema kwamba alitaka filamu ionekane kana kwamba kamera imewekwa tu mtaani na maisha yakapita mbele yake.

Jambo la kwanza ni ukweli wa kihistoria. La pili ni uhakiki, tena uhakiki mzuri: anayefahamu mjadala wa fasihi ya Ujamaa atazikumbuka mara moja riwaya na tamthilia za miaka ya 1970 ambamo kijiji kilifika mwisho kikiwa kimeungana, kabaila amefukuzwa na mavuno yameongezeka. Tatizo liko kwenye jambo la tatu. Burnett alieleza jinsi alivyotaka filamu yake ionekane. Masikioni mwa wasikilizaji, maelezo hayo yakageuka kuwa namna ilivyotengenezwa. Sifa zinazorudiwa sana kuhusu Killer of Sheep ni “uhalisi”, “usahili” na “ukaribu na filamu ya hali halisi”, na mwongozaji mwenyewe hajapigana nazo kwa nguvu, ijapokuwa amekiri mara kadhaa kwamba mambo mengi yaonekanayo kama ya papo hapo yaliandikwa kabla.

Mashine ya kufulia na injini

Ushahidi wa kwanza dhidi ya kamera iliyowekwa tu mtaani umo ndani ya filamu za uanafunzi zenyewe, kwa sababu Burnett alilitunga tukio lilelile zaidi ya mara moja. Several Friends ni filamu fupi ya mfuatano wa vijipande vya maisha: wanaume wanahangaika na gari bovu, wanazungumza, wanaahirisha, na wanapambana na mashine ya kufulia inayotakiwa kuingizwa ndani ya nyumba. Tukio la mashine lina ucheshi, na ucheshi huo unatoka kwenye kitu chenyewe: kizito, cha mraba, kisichotaka kupita mlangoni. Linaanza na kuisha bila kubadili lolote katika matukio mengine.

Katika Killer of Sheep kitu kizito kinarudi kikiwa injini. Stan, mfanyakazi wa machinjio ya kondoo, pamoja na rafiki yake wanainunua kwa fedha ambazo mtazamaji amekwisha kuona jinsi zinavyopatikana kwa shida. Wanaishusha kwa ngazi hatua kwa hatua, vidole vikibanwa, mpaka kwenye pikapu iliyoegeshwa mlimani. Wanaiweka ukingoni mwa gari. Mmoja anasema itakaa. Gari linapoondoka, injini inaanguka na kuharibika. Wanaume wanaitazama kidogo, kisha wanaondoka, na kamera iliyo nyuma ya gari inaiacha injini barabarani ikizidi kuwa ndogo.

Mlinganisho huu una uzito kwa hoja inayojengwa hapa. Mwanafunzi wa 1969 aliligundua tukio. Mwanafunzi wa 1972 na 1973, miaka ambayo sehemu kubwa ya Killer of Sheep ilipigwa, aliliandika upya. Bei imeongezwa, ngazi imeongezwa, na lile neno la kujiamini la mwanamume mmoja, ambalo mtazamaji analitambua kuwa kosa kabla ya wahusika wenyewe, limewekwa mahali pake. Safari ya kwenda kwenye mbio za farasi, inayokatizwa na pancha huku gari halina tairi la akiba, inalirudia umbo hilo kwa mara nyingine. Katika istilahi ya nadharia simulizi huu ni urudiaji wenye upanuzi, mbinu ambayo mtambaji wa ngano angeitambua bila kuambiwa. Kamera iliyowekwa tu mtaani haiwezi kuuzalisha.

The Horse inaikataa kauli ya Burnett kwa njia nyingine, na inatosha kuitaja kwa ufupi. Ni filamu fupi ya rangi, imepigwa mashambani, mbali na Watts. Mvulana yu karibu na farasi mzee anayengoja kupigwa risasi, na wanaume wazima wanasubiri barazani. Wanazungumza machache. Mwisho mvulana anaziba masikio. Hakuna mtaa, hakuna “watu niliowajua”, na kila fremu imepangwa kama mchoro. Hadithi ya kijana aliyetaka tu kuonesha jirani zake haina pa kuiweka filamu hii, ingawa kifo cha mnyama mikononi mwa watu wasio na ukatili wa makusudi ndicho kinachorudi, kwa upana zaidi, katika machinjio ya Killer of Sheep.

Lugha iliyotoka shamba

Jambo ambalo masimulizi ya Burnett yanaligusa kidogo mno, na ambalo linapaswa kumvutia msomi wa lugha kuliko mengine yote, ni mazungumzo. Sehemu tatu zinatosha kuonesha utajiri wake.

Ya kwanza ni ya sekunde chache. Mwana wa kiume wa Stan anamtaja mama yake kwa neno la heshima na mapenzi litumikalo Kusini, M’dear, maneno mawili yaliyobanwa kuwa kitu kimoja. Stan anamkemea: amekwisha kumwambia aache kusema hivyo, kwani hawako tena shamba. Kila mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyemkataza mtoto kusema kwa lugha ya babu zake mbele ya wageni analielewa kemeo hili. Uzito wake, lakini, umo katika lafudhi. Stan anaikataza lugha ya Kusini kwa sauti ya Kusini. Fonolojia yake inamkana wakati sintaksia yake inatoa amri. Itikadi ya lugha, ambayo isimujamii huihitaji kurasa nyingi kuieleza, inapita hapa bila maelezo yoyote, na mama aliyetajwa kwa neno hilo halalamiki.

Ya pili ni ugomvi juu ya maana ya neno. Stan anapohisi ameitwa maskini, anakataa, na hoja yake ni ya kisemantiki: yeye huwapa vitu Jeshi la Wokovu, na mtu maskini hawezi kutoa kitu. Kisha anataja mtu mwingine aliye chini yake ambaye ndiye anayestahili neno hilo. Mhusika anajitungia fasili ili abaki nje yake. Filamu za mpango uliozoeleka, zile ambazo Burnett alizikwepa, zingemfanya mtu huyu akubali jina “maskini” na hatimaye alibebe kama bendera. Stan analikataa mpaka mwisho, na filamu haimcheki wala haimuungi mkono.

Ya tatu ni kikombe. Stan anaweka kikombe cha chai ya moto shavuni na kumuuliza mwenzake kama joto hilo halimkumbushi mwanamke wakati wa mapenzi. Mwenzake anajibu kwamba yeye hafuatani na wanawake wenye malaria. Mzaha ni mzuri, na msomaji wa Afrika Mashariki ataucheka kwa sababu ya ziada. Kimuundo, sitiari imetolewa na mtu mmoja, na mwingine ameivunja kwa kuichukua neno kwa neno. Stan ndiye mtu pekee katika filamu anayeongea kishairi, na kila anapojaribu, mazingira yanamrudisha kwenye maana ya kawaida. Ukosefu wake wa usingizi na uchovu wake mbele ya mkewe, mambo yaliyojadiliwa mara nyingi kwa misingi ya uchumi na saikolojia, yana upande huu wa kiisimu pia: mtu huyu hana msemaji mwenza. Mke wake, aliyeigizwa na Kaycee Moore kwa ustadi ambao bado haujaandikiwa inavyostahili, anazungumza na kioo na kwa nguo anazochagua. Wanapocheza muziki pamoja hakuna neno linalosemwa, na yeye ndiye anayebaki dirishani baada ya Stan kujitoa mikononi mwake.

Mazungumzo haya hayapatikani kwa kungoja. Kauli ya kwamba filamu inawaonesha watu jinsi walivyo ni sifa kwa watu hao, na Burnett anaitoa kwa heshima kwao. Inawanyima, hata hivyo, na inamnyima yeye, utunzi.

“Mimi” wa mahojiano na “sisi” wa filamu

Aina ya matini iitwayo mahojiano ina nafsi moja. Swali huelekezwa kwa mtu mmoja, naye hujibu kwa “mimi”, hata anapojitahidi, kama Burnett afanyavyo, kuwataja wengine. Filamu za Los Angeles hazikutengenezwa hivyo. Burnett alikuwa mmoja wa wapigapicha wa Bush Mama ya Gerima, iliyokamilika mwaka 1975; baadaye aliandika na kupiga picha za Bless Their Little Hearts ya Billy Woodberry, ambamo Kaycee Moore anaonekana tena. Watoto wa mtaani Watts waliigiza na pia walishika vifaa. Uongozaji ulikuwa kazi ya zamu.

Mkondo huo wa pamoja ulifika hata kwenye Kiswahili, ingawa ni nadra kutajwa katika taaluma zake. BarbaraO, mwigizaji mkuu wa Bush Mama, alikuja kuigiza pamoja na Amandina Lihamba katika Maangamizi: The Ancient One, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyotengenezwa Tanzania. Mulvihill alikuwa amekwisha kushirikiana na Nangayoma Ng’oge kuongoza Arusi ya Mariamu (1985). Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta historia ya filamu ya Kiswahili katika mahojiano ya waongozaji mmoja mmoja hatauona uzi huu. Ataupata akisoma orodha za majina zinazopita mwishoni mwa filamu, matini ambayo kwa kawaida watazamaji huiacha ikipita huku wakitafuta viatu vyao.

Wimbo wa mwisho

Lipo jambo moja ambalo kumbukumbu ya msanii inalieleza vizuri kuliko uhakiki wowote, nalo ni muziki. Kwa kuwa filamu ilikuwa ya shule, Burnett alijipa uhuru wa kutumia nyimbo zozote alizozitaka, kuanzia Paul Robeson hadi Dinah Washington, bila kulipia. Bajeti nzima ilikuwa chini ya dola 10,000. Uhuru huo ndio uliomfungia filamu mlango. Ilipata tuzo ya wahakiki katika tamasha la Berlin mwaka 1981, na mwaka 1990 iliingizwa katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa Marekani, lakini haikuweza kusambazwa kwa kawaida mpaka mwaka 2007, baada ya hifadhi ya chuo kuikarabati na kampuni ya Milestone kulipia haki za muziki, gharama iliyotajwa kuwa dola 150,000.

Wimbo mmoja haukupatikana. Tukio la mwisho, Stan akiwa machinjioni akiwasukuma kondoo, lilikuwa awali na “Unforgettable” ya Dinah Washington. Katika nakala ya 2007 mahali pake pamewekwa “This Bitter Earth”, wimbo wa mwimbaji huyohuyo ambao tayari ulikuwa umetumika katika tukio la mume na mke wakicheza. Mtazamaji wa nakala hiyo anausikia wimbo uleule mara mbili, kwanza juu ya ndoa, kisha juu ya kondoo, na ana kila haki ya kuujengea hoja mwangwi huo: kwamba uchungu wa nyumbani na uchungu wa kazini umefungwa kwa sauti moja. Hoja hiyo ni nzuri. Inaitegemea, hata hivyo, leseni iliyokosekana, na kijana wa 1977 hakuitunga. Mwisho wake ulikuwa na kejeli nyororo zaidi: wimbo wa mapenzi yasiyosahaulika juu ya wanyama ambao hakuna atakayewakumbuka.

Wasomi wa tenzi hawatashangazwa. Nakala za Al-Inkishafi hutofautiana kwa beti na mpangilio, na hakuna mhariri makini anayeichapisha bila kusema anafuata nakala ipi. Filamu haijapewa bado adabu hiyo. Makala kuhusu Killer of Sheep hutaja mwaka 1977 au 1978 na kuchambua nakala ya 2007, kana kwamba miaka thelathini iliyo katikati haikugusa chochote. Ukarabati mpya uliotolewa mwaka 2025 umeurudisha “Unforgettable” mahali pake, na kwa hiyo sasa kuna miisho miwili inayotazamika: mmoja ulioundwa na mwanafunzi asiyefikiria soko, mwingine ulioundwa na soko lilipomfikia akiwa mtu mzima. Mihadhara na tasnifu zilizoandikwa kati ya 2007 na 2025 zinazungumzia mwisho wa pili, na nyingi kati yake hazisemi hivyo.